Mzuka wa Kukimbia Ukikata: Fanya Hivi Kabla Hujajiita Mvivu

Masika yakianza tu, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. "Dada, sijui nimekuwaje. Januari nilikuwa napiga kilomita kumi huku napiga stori, sasa hivi hata tatu sifiki. Alamu ikilia naizima." Wengi wao walikuwa Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon, wakapanda ule mlima wa kuelekea Mweka wakitweta, wakarudi Dar es Salaam na medali shingoni. Baada ya picha, kimya. Raba ziko nyuma ya mlango zinashika ukungu.

Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika mara moja. Mimi si daktari wala kocha mwenye cheti. Natunza hesabu za duka Kariakoo, nakimbia na klabu ya joging ya mtaani kwetu mwaka wa tisa sasa, na kila Jumamosi wageni wanakabidhiwa kwangu. Anayekuja kulalamika kwamba amekuwa mvivu, mara nyingi si mvivu. Amechoka, au damu imepungua, au anakimbia kwa kasi isiyo yake. Mvivu wa kweli wala hahangaiki kutuma ujumbe.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua kilichogoma ni mwili au ni kichwa. Dawa zake ni tofauti, na ukikosea unazidisha.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Daftari dogo na kalamu, viwe karibu na kitanda.
- Simu au saa yoyote inayoonyesha sekunde. Ile saa ya mazoezi ya laki sita si lazima, na kama unayo, kuna hatua nitakwambia uivue.
- Raba zako zilezile, kama soli haijalika. Raba iliyobeba kati ya kilomita 500 na 800 kwa kawaida imeshachoka. Ukiibonyeza chini kwa kidole gumba ikawa ngumu kama ndala, iache.
- Pesa kidogo ya maabara, uiweke pembeni. Huenda usiihitaji.
- Wiki sita. Mwenye mbio Jumapili ijayo, mwongozo huu haumfai. Aende akashangilie wenzake.

Hatua ya 1: Hesabu mapigo ya moyo kila asubuhi kwa siku saba

Ukiamka, kabla hujashuka kitandani, kabla hujagusa simu kusoma ya watu, weka vidole viwili kwenye mkono chini ya kidole gumba. Hesabu dakika nzima. Andika. Pembeni ya namba andika saa ulizolala na neno moja tu la jinsi unavyojisikia: sawa, mzito, hovyo.

Namba yenyewe haina maana kubwa. Kila mtu na moyo wake. Tunatafuta mabadiliko. Mimi nikiwa mzima ni 58 au 59. Mwaka juzi ilipanda asubuhi mbili mfululizo hadi 69, nikasema labda ni joto. Siku ya tatu homa ikaja, nikapima, malaria. Kama yako imekaa mapigo saba mpaka kumi juu ya kawaida kwa siku kadhaa, mwili unapigana na kitu: ugonjwa unaokuja, usingizi uliokosa, au mazoezi yaliyozidi. Kama hujui kawaida yako ni ngapi, siku saba hizi zitakupa pa kuanzia.

Wiki hiyo usikimbie. Tembea ukitaka. Najua utasema utapoteza pumzi uliyoijenga. Siku saba za kupumzika hazikutoi popote.

Hatua ya 2: Fanya jaribio la dakika kumi, mara tatu

Wiki ya pili, chagua siku tatu zisizofuatana. Vaa, toka nje, tembea dakika tano. Kisha kimbia dakika kumi kwa mwendo wa pole kabisa, ule ambao mama anayeelekea sokoni akiharakisha kidogo anakupita. Zikiisha dakika kumi, simama na ujiulize swali moja tu: mwili umefunguka?

Kama dakika tatu za mwanzo zilikuwa chungu, halafu ya sita au ya saba miguu ikalainika na ukaona kumbe ungeweza kuendelea, tatizo liko kichwani. Ruka mpaka hatua ya 4.

Kama dakika ya kumi miguu bado ni mizito kama umekimbia kwenye mchanga wa bahari, moyo unadunda kuliko kasi yenyewe, na unapumua kama uliyepanda ghorofa tano, hilo ni jambo la mwili. Hatua ya 3 ni yako, usiiruke.

Kosa la kawaida: kulifanya jaribio hili saa nne asubuhi, jua la Desemba. Kuanzia Desemba mpaka Machi joto na unyevu wa Dar vinamchosha hata aliye mzima. Toka saa kumi na moja na nusu alfajiri, au jioni jua likishazama. La sivyo utakuwa umelipima jua.

Hatua ya 3: Ukiwa mwili, tafuta kilichopungua

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipopotelea mwenyewe.

Mwaka wangu wa nne wa kukimbia nilijiburuza miezi mitano. Nililaza kichwa mezani kazini saa nane mchana. Ngazi za nyumbani, ghorofa ya pili tu, nilizipanda kwa kupumzika katikati huku najifanya natafuta funguo kwenye mkoba. Nilienda zahanati moja, nikaambiwa ni uchovu wa kazi, nikapewa vidonge vya vitamini. Nikaendelea kujiita mzembe. Nikajilazimisha mazoezi ya mlima kule Chuo Kikuu ili "kuua uvivu". Siku moja nikakaa chini pembeni ya barabara, giza machoni. Nilipopima damu kwingine, ilikuwa 9.8.

Kwa mwanamke asiye mjamzito, wingi wa damu (hemoglobini, kwa gramu kwa desilita) chini ya 12 unahesabiwa ni upungufu. Kwa mwanamume ni chini ya 13. Damu ndiyo inayobeba oksijeni kwenda kwenye misuli. Ikipungua, unaweza kuwa na ari ya simba na bado ukashindwa kuvuka barabara kwa kukimbia. Mimi sababu zilikuwa mbili: hedhi nzito, na chai. Nilikuwa nakula maharage na mchicha vizuri tu, lakini kila mlo nashushia na chai ya rangi, na chai ikikutana na chakula inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

a) Kalale. Usingizi wa muda wa saa saba ndilo lengo la chini. Mwenye kulala saa sita usiku na kuamka saa kumi alfajiri ili awahi joging anajichimbia shimo. Kama huwezi kuwahi kulala, hamishia mbio jioni.

b) Kula kabla ya kulaumu. Watu wengi huanza kukimbia ili wapungue, wakaacha ugali na wali siku hiyohiyo. Mwili unahesabu. Ukiutoa kilomita thelathini kwa wiki huku unaupa saladi na maji ya limao, utazima injini wenyewe. Rudisha wanga: kiazi kitamu, ndizi, wali, uji. Weka dagaa, maharage, dengu, mayai, nyama au maini unapoweza. Kamulia limao au kula chungwa pamoja na mboga na kunde, vinasaidia chuma kuingia. Chai isubiri saa nzima baada ya mlo.

c) Kapime. Omba kipimo cha picha kamili ya damu na cha malaria. Ukiweza kulipia, ongeza feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma, kwa sababu akiba inaweza kuwa imekauka huku wingi wa damu bado unasomeka sawa. Mweleze daktari kwamba unakimbia, na kwa dada zangu, mweleze hedhi yako ikoje bila aibu.

Onyo: usinunue vidonge vya kuongeza damu dukani kwa kuwa dada wa joging kakwambia. Chuma kikizidi mwilini ni sumu, na si kila uchovu ni damu. Pima kwanza, daktari aandike.

Onyo la pili: vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu. Najua vijana mnakunywa kopo moja kabla ya kukimbia. Ni sukari na kafeini. Vinakuficha uchovu kwa saa mbili, usiku vinakunyima usingizi, kesho unahitaji kopo jingine.

Na ukiwa na homa, usikimbie "ili itoke na jasho". Haitoki hivyo. Subiri ipone, ongeza siku kadhaa, ndipo urudi.

Mimi ilinichukua kama miezi mitatu ya dawa na chakula kurudi kwenye hali yangu. Wiki ya tano tu nilikuwa nazipanda zile ngazi bila kutafuta funguo.

Hatua ya 4: Punguza kasi mpaka uweze kusimulia

Mwaka 1974 kule Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Mtanzania mwenzetu Filbert Bayi alitoka mbele tangu mlio wa bastola katika mita 1500, akaongoza mzunguko kwa mzunguko, hakupitwa, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Watanzania tunaipenda sana mbio ile. Shida ni kwamba wanaoanza wanakimbia hivyo kila Jumanne. Wanatoka getini kama wanafukuzwa, kilomita ya pili ulimi nje, wanarudi nyumbani wanachukia. Baada ya mwezi mwili unajifunza kwamba kukimbia ni adhabu. Sasa nani anaamka alfajiri kwenda kupokea adhabu?

Wageni wanaofika Iten, Kenya, kwenye mji uliojaa mabingwa, hushangazwa na mambo mawili. La kwanza ni kasi ya mazoezi magumu. La pili ni jinsi mabingwa haohao wanavyokwenda pole siku za wepesi, hasa dakika za mwanzo, wanajikongoja kama wazee. Wao wana sababu zote za kujionyesha, na hawajionyeshi.

Kipimo ni mdomo. Ukiwa unakimbia, simulia kitu: ulichokula jana, ugomvi wa kondakta na abiria. Ukiweza kumaliza sentensi ndefu bila kuikata, kasi ni sawa. Ukitoa maneno mawili mawili, punguza. Ukilazimika kutembea ili uweze kusimulia, tembea. Unayekimbia peke yako, imba ubeti wa kaswida au pambio. Watu watakushangaa siku tatu, ya nne wamezoea.

Hapa ndipo pa kuvua ile saa. Wiki nne, usijue kasi yako. Na zile programu za simu zinazotangaza umekimbia kilomita ngapi kwa dakika ngapi, zifiche. Wengi ninaowaona wamekata tamaa hawakushindwa na barabara; walishindwa na kilomita za mtu mwingine.

Hatua ya 5: Rudi kwa kiasi kidogo mpaka kikuudhi

Ratiba ni hii. Siku tatu kwa wiki, kamwe zisifuatane.

1. Wiki ya kwanza: dakika 20. Kimbia dakika mbili, tembea mbili, rudia mara tano.
2. Wiki ya pili: dakika 25. Kimbia nne, tembea moja, mara tano.
3. Wiki ya tatu: dakika 25 bila kusimama, kwa kasi ya kusimulia.
4. Wiki ya nne: dakika 30 siku mbili, dakika 40 siku moja.

Utaona ni kidogo mno, hasa wewe uliyemaliza kilomita 21. Sawa. Rudi nyumbani ukiwa bado unataka. Hamu inajengwa na kiporo: unachoacha leo ndicho kinachokuamsha keshokutwa.

Kosa ambalo karibu kila mtu analifanya ni kufidia. Alikosa Jumanne kwa sababu ya mvua, basi Alhamisi anaunganisha mbili. Siku iliyopita imepita. Haidai.

Jingine: kungoja hamu ije ndipo uvae. Mara nyingi hamu inakuja dakika ya saba, ukiwa umeshatoka. Laza nguo za kukimbilia kwenye kiti usiku. Raba ziwe mlangoni, zimelegezwa kamba. Mapatano yako na nafsi yako yawe ya kufika getini tu. Ukifika getini na bado hutaki, rudi ukalale, hakuna aliyekuona. Kwa miaka yote hii nimerudi ndani mara nne, na mara moja kati ya hizo ilikuwa mbwa wa jirani.

Hatua ya 6: Badilisha njia, saa au watu, kimoja kwa wakati

Kama mwili uko salama na bado inachosha, huenda umeichoka ile barabara. Kumtazama mtu yuleyule akichoma mahindi pale pale miaka miwili kunatosha. Ukikaa karibu na mjini, jaribu Daraja la Tanzanite alfajiri, upepo wa bahari unakusukuma upande mmoja na kukuzuia upande wa pili. Huku uswahilini, geuza tu njia: pale ulipozoea kumalizia, anzia hapo.

Klabu ya joging inasaidia wengi, lakini chagua. Kuna klabu zinazokimbia kwa nyimbo na filimbi, wanakwenda pole, mnaishia kwenye supu. Kuna nyingine kila Jumamosi ni mashindano. Mtu anayerudi aende kwenye nyimbo.

Ukimaliza wiki nne, tafuta mbio ndogo ya kilomita 5 yenye tarehe, iwe wiki nane au kumi mbele. Usijiandikishe kilomita 21 kwa hasira za kulipiza. Mtanzania Alphonce Simbu aliposhinda dhahabu ya marathoni kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha Tokyo, Septemba 2025, klabuni kwetu walijaa watu wapya waliotaka kuanza na 42. Desemba tulikuwa tumebaki wale wale, pamoja na mama mmoja wa makamo aliyeanza na dakika mbili mbili.

Ukikwama

*Nikianza tu napata kichomi ubavuni.* Umekula karibu mno na muda wa kukimbia, au umeondoka kwa kasi. Acha saa mbili baada ya mlo mzito. Kikikushika, tembea, toa pumzi taratibu na ndefu, bonyeza pale kwa vidole.

*Asubuhi niko vizuri, jioni nimekufa.* Basi kimbia asubuhi. Na angalia chakula cha mchana. Chapati moja na soda haikufikishi saa kumi na moja jioni.

*Nimefunga Ramadhani, nguvu sina.* Mwezi huo lengo ni kutopoteza, si kuongeza. Dakika 20 za pole, nusu saa kabla ya kufuturu, ili maji yawe karibu. Au saa mbili baada ya futari. Ukihisi kizunguzungu, simama hapohapo.

*Mwenzangu niliyekuwa nakimbia naye amehama.* Hili linaangusha watu kuliko mlima. Usitafute wa kuziba nafasi yake mara moja. Pigianeni simu siku zilezile mlizokuwa mnakutana, kila mtu akimbie kwake, halafu mtumiane picha ya raba zenye matope.

*Mapigo yameshuka, damu iko sawa, nalala, na bado sitaki kukimbia, wala kula, wala kuona watu.* Kama imefika wiki mbili na hata mambo mengine uliyokuwa unayapenda hayakugusi, hii si habari ya raba. Sonona ni ugonjwa, unatibika. Kamwone daktari, mwambie hivyohivyo ulivyoniambia.

*Kifua kinabana nikikimbia, au nilizimia.* Acha leo. Hospitali kwanza, mwongozo huu baadaye.

*Nimefuata yote wiki sita. Nina nguvu, nalala vizuri, ila kukimbia kwenyewe sikupendi.* Inawezekana kweli hukupendi, ulipendea fulana na picha. Mwenzetu mmoja aligundua hivyo baada ya miaka mitatu, akahamia kuogelea. Jumamosi maji yakijaa, sisi tukipita ufukwe wa Coco tunatweta, tunamwona kichwa tu kule majini, anatupungia mkono.